Vazi Jipya la Binti Ngurumo

Siku tatu Pindo alikataa. Siku ya nne alikubali, na sababu ya kukubali hakumwambia mtu, hata shangazi yake, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumficha jambo likafichika.

Pindo alikuwa fundi wa nguo, fundi mwana wa fundi. Jina hilo alipewa na baba yake zamani, alipokuwa akikaa chini ya meza ya kukatia, ameshikilia pindo za suruali za wateja ili zisiburuzike sakafuni. Jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka thelathini na miwili, ana cherehani yake mwenyewe dukani kwa baba, kando ya dirisha, na wateja waliokuwa radhi kungoja wiki mbili ilimradi washonewe na yeye.

Simu ilitoka kwa mhariri mkuu wa kampuni ya vitabu vya katuni. Kila mtu alimwita Mama Mhariri, naye hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"Tuna shujaa wetu, Binti Ngurumo," alisema. "Bila shaka unamjua."

Pindo alimjua. Angekosaje kumjua? Uso wa Binti Ngurumo ulikuwa uso wake yeye, kuanzia nyusi hadi kidoti cheusi chini ya mdomo.

"Mwaka huu tunambadilishia nguo," Mama Mhariri aliendelea. "Kwenye maonyesho yaliyopita tulimvalisha msichana mmoja vazi lake, awasalimie watoto. Akainua mkono kuwapungia, mshono ukaachia kuanzia kwapani hadi kiunoni, mbele ya madarasa matatu ya watoto wa shule. Yule binti alilia mpaka tukalia naye. Nimewaambia wachoraji wangu, safari hii hamchori hata kifungo kabla hamjakaa meza moja na fundi. Na kila ninayemuuliza ananitajia wewe."

"Wachoraji wako ni akina nani?" Pindo aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Wako watatu. Kiongozi wao ni Wino."

Hapo ndipo alipokataa. Lakini usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu. Kwa miaka sita alikuwa akikutana na uso wake kwenye meza za wauza magazeti, umepachikwa juu ya vazi ambalo asingelivaa hata akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa. Alikuwa amejifunza kupita upande wa pili wa barabara. Siku ya nne, akiwa anapiga pasi kola ya shati la mteja, aliona wazi kwamba kama kuna mtu wa kumvua Binti Ngurumo vazi lile, mtu huyo ni yeye. Akanyanyua simu.

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu. Chumba kirefu, madirisha makubwa, meza nne zimeunganishwa kuwa moja, na juu yake karatasi, penseli, vikombe vya kahawa iliyopoa na mwanasesere wa mbao wa kuchorea ambaye mtu alikuwa amemvisha soksi. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alisimama kumpokea. Huyo aliitwa Kivuli, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutia vivuli kwenye michoro. Pembeni yake alikuwa binti mwembamba mwenye vidole vya buluu na njano. Huyo alikuwa Rangi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini.

Wa tatu alikuwa amesimama dirishani.

Pindo alikuwa amejiandaa kumkuta amebadilika, au hajabadilika. Hakujiandaa kumkuta yuleyule, mvi zimeanza kumchungulia juu ya masikio. Kidole chake cha kati bado kilikuwa na doa la wino lisilotoka. Wino alimtazama mara moja, kisha akayashusha macho, kama mtu aliyeshika kitu cha moto akakirudisha mezani polepole.

"Karibu, fundi," alisema.

Hakumwita Pindo. Pindo alishukuru, na papo hapo akaumia, na akajikasirikia kwa kuumia.

"Ahsante. Tuanze."

Wakamwekea mbele mchoro wa Binti Ngurumo. Vazi la buluu limemkaa kama limepakwa kwa brashi, kifua wazi, mapaja wazi, joho refu hadi visiginoni, buti zenye visigino virefu kama misumari. Pindo alilitazama kwa utulivu kama anavyotazama kazi mbovu ya fundi mwingine.

"Huyu anaingiaje humu ndani?" aliuliza.

Wachoraji wakatazamana.

"Anaingia wapi?" Kivuli aliuliza.

"Kwenye nguo. Zipu sioni. Vifungo sioni. Kamba hakuna. Alizaliwa nayo?"

Rangi aliziba mdomo kwa mkono wenye rangi. Kivuli alikuna ndevu.

"Miaka sita namtia vivuli," alisema mzee yule, "na swali hilo halijanijia hata siku moja."

Pindo akatoa kwenye mfuko wake shati moja la buluu la mikono mirefu. Alikuwa amelishona kufuata mchoro, hakuongeza wala hakupunguza. Alimwomba Rangi alivae juu ya fulana yake, kisha amshushie kitabu kilichokuwa rafu ya juu. Rangi akanyoosha mkono. Kitabu hakijafikiwa, kwapa likasema *prrr*, uzi ukachungulia.

"Naye kazi yake ni kukamata ndege inayoanguka," Pindo alisema. "Kitabu tu kimemshinda."

Kivuli alicheka hadi akakaa. Wino hakucheka. Alikuja, akainama kulitazama lile kwapa lililoachia kwa makini, kama anavyotazama mtu aliyeonyeshwa herufi moja aliyokuwa akiikosea maisha yake yote.

"Kinachotakiwa ni nini?" aliuliza.

"Kikwapa."

Rangi alishtuka. "Shujaa anuke kikwapa?"

"Si hicho," Pindo alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alitabasamu. "Fundi akisema kikwapa anasema kipande cha pembe nne kinachoshonewa hapa chini ya mkono. Kinaupa mkono nafasi. Nguo ikiwa nacho unaweza kupanda ukuta, na ikiwa haina, kunywa chai nako ni taabu."

Wino alivuta karatasi, akachora kipande kile mahali pake. Kisha akamsogezea Pindo penseli.

"Naomba unisahihishe," alisema.

*

Saa saba wengine walishuka kwenda kula. Pindo alisema hana njaa. Wino alisema anamalizia mstari mmoja. Mlango ukafungwa, na chumba kikawa kikubwa kuliko kilivyokuwa.

Miaka sita iliyopita walikuwa wachumba. Siku ya harusi ilikuwa imepangwa, gauni limekatwa, bado kushonwa. Ilipobaki miezi miwili, Wino alikuja dukani na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya zawadi, uso umemng'aa. Pindo alikifungua palepale, mbele ya baba yake. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha Binti Ngurumo. Aliuona uso wake. Kisha macho yakashuka, akaona vilivyobaki.

Baba yake alikichukua kitabu, akakitazama, akakilaza kifudifudi mezani, akaendelea kupiga pasi. Kesho yake mteja mmoja aliingia na kitabu mkononi, anacheka, anauliza, "Mzee, huyu si binti yako?" Baba alimrudishia mteja suruali yake bila kuishona, akafunga duka siku mbili.

Pindo alimwomba Wino abadilishe ule uso. Wino alijibu kwamba kitabu cha pili na cha tatu viko kwa mpiga chapa. Kisha akaongeza, kwa nia njema kabisa, "Lakini umependeza." Neno lile ndilo lililovunja chungu. Pete aliirudisha ndani ya bahasha ya vifungo.

Sasa Wino alikuwa amekaa mbele yake, na ile penseli kati yao.

"Unaweza kusema," Pindo alisema. "Nakuona unavyotafuta pa kuanzia."

Wino alishusha pumzi. "Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilidhani kumpenda mtu ni ruhusa tosha."

Pindo aliizungusha penseli mezani.

"Nilijiambia nimekupa heshima," aliendelea. "Kwamba ni nani asiyependa kuwa shujaa. Ilinichukua muda kuona kwamba sikukupa kitu. Nilichukua. Nilikuchukulia uso wako, nikautembeza mitaani, na nikataka unishukuru."

"Muda gani?"

"Samahani?"

"Ilikuchukua muda gani kuona?"

"Mwaka mmoja na nusu."

"Na mingine minne na nusu uliifanyia nini?"

Wino aliinuka, akafungua droo ya chini kabisa. Akatoa rundo la karatasi, akazitandaza. Zote zilikuwa nyuso za wanawake. Wanene, wembamba, wenye hasira, wenye kucheka. Zilipita mia.

"Nilijaribu kubadilisha," alisema. "Kila niliyempeleka, Mama Mhariri alisema huyu siye, wasomaji wameshamzoea yule."

"Kwa hiyo ni kosa la Mama Mhariri."

"Ningeweza kusema hivyo. Ningesimama nikasema sichori tena mpaka ubadilishwe, angekubali. Sikusimama." Alizikusanya karatasi taratibu, bila kumtazama. "Ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kukuona kila siku. Huo ndio ukweli, na najua si mzuri."

Nje kulikuwa na mtu anapiga honi bila haraka. Pindo aliitazama ile mikono inayokusanya karatasi. Alitaka kukasirika, na hasira ikaja nusu tu. Maneno yale yalikuwa kitu cha kwanza Wino alichowahi kumpa bila kukifunga kwa karatasi ya zawadi.

"Uliwahi kuoa?" alijisikia anauliza, na akatamani aumeze ulimi.

"Hapana. Wewe?"

"Unaona kuna mume humu kwenye mfuko wa sindano?"

Wino alikaribia kutabasamu, akajizuia. Pindo akavuta mchoro, akauweka kati yao.

"Vazi tutalimaliza," alisema. "Uso sijaamua. Usiniulize mpaka niamue."

"Sitakuuliza."

"Na visigino hivi vinaondoka leo hii."

"Vimeshaondoka," Wino alisema, akashika kifutio.

*

Shangazi aliyajua jioni ileile. Alikuwa anachambua maharage, Pindo ameingia, hajavua viatu.

"Umemwona," shangazi alisema.

"Nimeenda kazini, shangazi."

"Kazini kwa nani?"

Pindo aliinama kuvua viatu. Shangazi akatupa jiwe moja dogo pembeni.

"Mwanangu, mimi sikulei, umekwisha kulelewa. Lakini jino la pembe si dawa ya pengo. Mtu aliyekuchora bila kukuuliza, kesho si atakuoa bila kukuuliza?"

"Hajaniomba chochote."

"Hao ndio wabaya zaidi," shangazi alisema. "Anayeomba unamnyima, yakaisha. Asiyeomba unamnyima nini?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na baba yako nani atamwambia? Mimi simo."

Baba alikuwa chumba cha pili, redio imewashwa, na hakuna aliyejua anasikiliza kipi.

*

Kazi ilichukua wiki tano. Pindo alikuwa akienda siku mbili kila wiki, kisha tatu, kisha akaacha kuhesabu.

Joho lilifupishwa hadi kiunoni baada ya Kivuli kujaribu kushuka nalo ngazi na kubanwa na mlango wa chini; wakamkuta amesimama kwa subira, anaongea na mlinzi. Buti zikawa za kisigino kifupi. Kifua kikafunikwa kwa kitambaa kizito chenye mishono ya kuonekana, kwa maana Pindo alisema mshono si aibu, ndio unaobeba nguo. Mama Mhariri akawasomea barua ya msomaji wa miaka tisa iliyouliza swali moja tu: kwa nini Binti Ngurumo hana mfuko? Wachoraji walicheka. Pindo hakucheka. Siku iliyofuata alikuja na mifuko miwili, mmoja wa paja, mwingine wa ndani wenye zipu.

"Wa nini wa ndani?" Rangi aliuliza.

"Wa ufunguo wa nyumbani kwake. Akishamaliza kuokoa watu hurudi wapi?"

Na Wino alikuwa anauliza. Hapo ndipo Pindo alipoanza kupata shida. Aliuliza kabla ya kuchora mkono wa Pindo ulioshika mkasi ili ajifunze namna ya kuukamata. Aliuliza kabla ya kusogeza kiti chake. Siku moja alimuuliza kama anaweza kumtengenezea chai au angependa aitengeneze mwenyewe. Kivuli alishindwa kuvumilia.

"Siku hizi Wino anaomba ruhusa hata ya kunoa penseli," alisema.

"Muache," Rangi alisema. "Anafanya mazoezi."

Pindo aliinamia kitambaa chake ili wasimwone. Kuna mchana mmoja alikuwa akipima bega kwa kutumia bega la Wino, kwa kuwa Rangi hakuwepo. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwa Wino, vidole vya Pindo kwenye mfupa wa bega lake. Wote wawili walisahau namba. Ilimbidi apime mara tatu, na mara ya tatu Wino alisema taratibu, bila kugeuka, "Arobaini na nne. Ulisema hivyo mara ya kwanza."

"Fundi hupima mara mbili."

"Hii ni ya tatu."

"Basi nyamaza, niimalize."

Alinyamaza, na hakuna aliyejisogeza.

*

Siku vazi lilipokamilika, Rangi alilivaa. Alikimbia chumba kizima. Alipanda juu ya meza, akainua mikono yote miwili, akainama, akachuchumaa, akaruka chini. Hakuna uzi uliolia. Kivuli alipiga makofi hadi macho yakamlowa, akasingizia vumbi.

Mama Mhariri alilizunguka vazi mara mbili. "Sasa imebaki uso," alisema. "Unabaki uleule?"

"Hilo si langu kusema," Wino alijibu.

"La nani basi? Wewe si ndiye uliyemchora?"

Rangi aliutazama mchoro, akamtazama Pindo, kisha akatazama sakafu, kama mtu aliyekijua kidoti kile tangu siku ya kwanza na hakutaka kuwa wa kukitaja. Mama Mhariri akafuata macho yale. Alivuta kiti, akakaa.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "miaka sita yote, na hakuna aliyeniambia."

"Hata mimi sikuja kukuambia," Pindo alisema. "Nipe dakika chache."

Akaenda dirishani. Wino alisimama pale alipokuwa mpaka Pindo alipomtazama na kumwonyesha kwa kichwa asogee.

"Utoe," Pindo alisema.

"Nitautoa."

"Huulizi kwa nini?"

"Naogopa jibu."

Pindo alichukua mchoro uliokuwa kwenye ukingo wa dirisha. "Huyu ana miaka ishirini na sita. Hazeeki, hachoki, haugui mgongo kwa kuinamia cherehani. Mimi nazeeka. Nikikaa na wewe, kila asubuhi utaondoka nyumbani kwenda kumtazama yeye mchana kutwa. Sitaki mke mwenza mwenye uso wangu mwenyewe, tena mdogo kuliko mimi, na hata kufua hafui."

Wino aliupokea mchoro, akaugeuza kifudifudi.

"Nikikaa na wewe," alirudia.

"Nimesema nikikaa. Sijasema nitakaa."

"Nimekusikia. Pindo, naweza kukuuliza?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tano kumwita kwa jina lake. Pindo aliliacha jina lile likae hewani kidogo.

"Mimi umeshaniuliza siku nyingi," alisema. "Umeniuliza hadi chai. Kuna mtu mmoja hujamuuliza kitu tangu siku aliyofunga duka."

Siku mbili baadaye Binti Ngurumo alipata uso mpya, wa mwanamke wa miaka arobaini hivi, paji pana, macho ya mtu asiyeshtuka ovyo. Hakufanana na yeyote aliyejulikana pale. Kwenye hadithi ingeelezwa kwamba ngurumo imempata mrithi. Mama Mhariri alimtazama, akasema, "Huyu ndiye."

*

Wino alifika dukani saa nne asubuhi, vazi limekunjwa mikononi. Pindo alikuwa kwenye cherehani yake kando ya dirisha. Hakuinua kichwa. Shangazi, ambaye alikuwa amesema hamo, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja tangu saa mbili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Baba hakuacha kukata. Alimaliza mstari wa chaki hadi mwisho, akaweka mkasi chini, akanyoosha mkono. "Lete nilione."

Hakulitazama kwa nje. Aliligeuza ndani nje palepale, kama fundi yeyote anayejua nguo husema uongo upande gani. Alipitisha kidole gumba kwenye kila mshono. Alivuta kikwapa. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, akafunga zipu, akaifungua.

"Amekata binti yangu," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Hilo sikuuliza. Nani alichora kitu kikakatika vizuri hivi kitambaani?"

"Mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Baba alilikunja vazi kwa mikunjo iliyonyooka. Cherehani ya dirishani ilikuwa inakwenda, haraka kidogo kuliko kawaida.

"Nimekuja kuomba radhi," Wino alisema. "Nilikukosea katika nyumba yako na katika kazi yako. Nimechelewa miaka sita."

"Umechelewa," baba alikubali. Akavua miwani. "Watu walidhani nilikasirikia mapaja. Yalinikasirisha, usidhani hayakunikasirisha. Lakini kilichoninyima usingizi ni kingine. Ulimchora amesimama juu ya paa peke yake, upepo unampiga, nyuma yake hakuna mtu. Kitabu kizima hana baba, hana shangazi, hana hata jirani. Nikajisemea, kijana huyu anamwona mwanangu kana kwamba hana kwao."

Jambo hilo, katika miaka yote ya kujilaumu, halikuwahi kumpitia Wino akilini.

"Ana kwao, Mzee," alisema. "Ndiyo maana nimekuja hapa. Nataka kumwoa, kama yeye atakubali na nyinyi mtaridhia."

Baba alitazama nyuma ya bega la Wino, mlangoni, kama anayetafuta wengine.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako." Baba alitikisa kichwa. "Basi leo wewe ndiye usiye na kwenu. Mama yako mzima?"

"Mzima."

"Na mjomba wako yule anayesema sana?"

"Yupo. Bado anasema sana."

"Kalete watu wako. Na yeye pia, nitamvumilia. Jambo kama hili halisemwi na mtu mmoja akiwa amesimama dukani." Alivaa miwani, akashika mkasi. "Jumapili tutakuwa nyumbani."

Shangazi alikohoa. "Na mwenyewe hajasema neno."

"Atasema nini," baba alijibu, bila kugeuka. "Anajifanya anashona tangu huyu aingie, na sindano haina uzi."

Cherehani ikasimama. Pindo aliinua kichwa, na kwa kuwa hakukuwa na pa kujificha tena, akamtazama Wino moja kwa moja na kumwambia aje Jumapili mapema, kabla shangazi hajabadilisha mawazo.